Lari Ishirini

Dukani kwa Guram, Kutaisi, theluji ikiyeyuka viatuni,
mama alisimama mbele ya rafu, midomo ikimtembea
kama mtu asaliye asitake kusikiwa.

Mkate, moja na arobaini. "Mbili."
Jibini, saba na themanini na tano. "Nane. Kumi."
Vitunguu, mbili na kumi na tano;
hapo nikamvuta mkono wa koti:
"Mama, hiyo ni mbili. Kumi na tano ni ndogo, huangushwa."
"Tatu," akasema. "Kumi na tatu."
Mafuta ya alizeti, sita na thelathini na tano.
"Saba. Ishirini. Twende."
Sabuni ya waridi niliyokuwa nainusa
niliirudisha bila kuambiwa.

Mashine ya Guram ikalia: kumi na saba, sabini na tano.
Noti yetu moja ikaingia, chenji ikatoka,
lari mbili na robo, za moto kutoka mfukoni mwake,
na mama, ambaye dakika ile tu alikuwa bahili,
akanunua chenza tano
akanimenyea ya kwanza palepale mlangoni.

Wiki iliyofuata, mtihani.
*Kadiria jumla. Tumia namba nzima iliyo karibu.*
Mkate, jibini, vitunguu, mafuta,
naapa, karibu vilevile, kana kwamba mwalimu Nugzar
alikuwa nyuma yetu na kikapu.
Nikaandika: ishirini.
Akachora mkasi mwekundu. Jibu: kumi na saba.

Mama aliitazama karatasi muda mrefu,
mikono ikinuka vitunguu.
"Mwalimu yuko sahihi," akasema.
"Ila hajawahi kurudisha mafuta
foleni nzima ikimtazama,
kwa ajili ya tetri sabini na tano."
Kisha akanifundisha njia ya mwalimu,
nusu na zaidi juu, chini ya nusu chini,
mpaka nikaijua kama jina langu.
"Hii ya shule," alisema. "Ile ya dukani unayo."

Sasa natunza hesabu za kiwanda cha chai;
tarakilishi haiachi hata tetri ipotee.
Nina kadi, hakuna anayenihesabia midomo.
Bado naziangalia bei nikizipandisha zote,
moja baada ya moja, hata zile za tetri tano,
na kinachobaki,
kila mara kinabaki kitu,
nakitafutia chenza.