Barua Kwenye Mfuko wa Salfa

Barua ya kwanza niliikuta nikitafuta ungo:
imekunjwa mara nne, imesukumwa
chini kabisa ya mfuko wa salfa
uliobaki msimu ule ubwiriunga ulipotushinda.
Ya pili ilikuwa chini ya ya kwanza.
Ya tatu haikuwa imefunguliwa.
Zote zimegeuka manjano,
zote zinanuka shamba la mwezi wa saba.

Nandonde hakucheza kamari, hakuhonga mtu.
Aliona haya tu.
Haya ya mwanamume aliyejenga hapa Newala
nyumba ya mabati ya mgongo mpana,
akachimba kisima cha mvua chini ya ukumbi
hadi majirani wakaacha maji ya bodaboda
wakaja kwetu na ndoo.
Nani angemwambia mtu mwenye kisima
kwamba sakafu iliyo juu yake si yake?

Nilisoma nikiwa nimesimama.
Malimbikizo ya miezi mitano. Riba.
Riba ya riba. Siku sitini.
Na jina jipya la nyumba: Kiwanja Namba 41, Kitalu C,
kana kwamba Likombe hakuzaliwa humo,
kana kwamba mama yangu hakuoshewa humo siku ya mwisho.

Nikaikumbuka siku ya ridhaa ya mwenza.
Mwanasheria alinigeuzia karatasi,
kidole chake kikatembea: hapa, na hapa, na hapa.
Hakunisomea.
Nami nilikuwa nimeacha mboga jikoni.

Ushauri haukukosekana.
Jirani: nyamazeni, huenda ukatangazwa msamaha.
Shemeji: badilisheni jina kwenye hati
(hati yenyewe imelala kabatini benki).
Shangazi Somoe alimjua mtu wa kausha damu,
anatoa leo hii, haulizi kitu.
Nikamwambia, shangazi,
shimo hufukiwa kwa mchanga, si kwa shimo.
Na bwana mmoja kutoka Masasi akapita mara mbili,
akalitazama paa, hakutusalimu.

Nilikwenda peke yangu, barua zikiwa ndani ya khanga.
Afisa mikopo, kijana wa kina Hokororo,
alipiga chafya alipozifungua.
"Mama," akasema, "nyumba hatuitaki.
Tunazo, zimeota nyasi.
Tunamtaka mtu anayekuja kabla ya dalali."
Akachora nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita:
rejesho lishuke, miaka iongezeke;
au tulipe kidogo kidogo, na kubwa lije na mnada wa korosho;
au tuuze wenyewe, mapema, kwa bei yetu,
tubaki na cha kuanzia kibanda.

Hilo la mwisho nililiweka mdomoni kama mwarobaini.
Sikulitema. Sikulimeza.
Mpaka leo lipo, chini ya ulimi.

Jioni nilimwambia Nandonde nilikotoka.
Alikaa kimya muda mrefu, akafungua redio, akaifunga.
Kisha akauliza, "Alikuwa mkali?"
Nikasema hapana.
"Mwezi mzima," akasema, "nilikuwa nikivuka barabara
nisiuone mlango ule."

Sasa vyumba vya mbele wanakaa manesi wawili
na karani wa ghala anayekoroma.
Sisi wanne tumerudi chumba cha uani.
Makochi yamekwenda Kitangari juu ya fuso.
Rejesho limeshuka, miaka imekuwa kumi na mmoja:
tumepunguziwa mzigo, tumeongezewa njia.
Likombe yuko darasa la pili.
Siku ya kuirudisha hati nyumbani
atakuwa ananyoa ndevu.

Barua nimezipigilia ukutani, karibu na saa.
Nandonde huzipita kila asubuhi
kama mtu apitavyo kwa jirani waliyegombana:
hasimami, lakini anaangalia.

Jana usiku ilinyesha ya kwanza.
Maji yakashuka mferejini, yakagonga saruji huko chini.
"Unasikia?" akaninong'oneza. "Kinajaa."
Nilisikia.
Nilikuwa nahesabu:
zimebaki siku nne tarehe tano ifike.