Kipimo cha Abdón

Kinyozi hajinyoi, nawe, Abdón,
uliyewapimia kofia mapadri na madereva wa malori
Cuenca nzima,
hukuona mpaka utepe ulipokukana.
Hamsini na saba. Mwaka wa mafuriko, sitini na nusu.
Ukasema utepe umesinyaa kwa mvua.

Nilinyamaza. Mimi ndiye nisukaye,
vidole vyangu vilijua kabla ya macho:
kila Juni niliongeza duru moja ya ukili
kwa ajili ya paji lako.

Watoto wa kichochoroni wakakubatiza Nyundo.
Fundi mwenzako akacheka: debe tupu.
Na kumbe hakukosea sana.
Daktari Piedad Loyola aliinua picha kwenye mwanga,
akatuonyesha chumba cheusi juu ya nyusi.
"Si uvimbe, si maji, wala si usaha. Ni hewa.
Imejijengea sebule ndani ya mfupa
na haina habari ya kuhama."
Miaka ishirini na sita ya kisu, alikuwa ameona wawili tu.
Ukauliza kama hewa inauma.
Akasema: inasukuma.

Jumanne walikunyoa mstari wa upana wa kidole
toka sikio hadi sikio.
Mimi koridoni, nyasi zangu kwenye beseni
(nesi alinikataza, kisha akaniletea maji mengine).
Nilijua watakalofanya, nilitaka kuambiwa:
wataiteremsha ngozi kama ukingo wa kofia,
watakata ukuta wa mbele wa mfupa, wautoe,
wauweke mezani, waupasue vipande,
waubembeleze uwe bapa,
wazibue mlango wa puani hewa ipate njia yake,
kisha waurudishe kwa vibati na skrubu
ndogo kuliko punje ya mtama.
Kazi yako hiyohiyo, Abdón. Mvuke tu ndio haukuwepo.

Saa sita. Nilisuka, nikafumua, nikasuka.

Ulirudi na macho rangi ya bilinganya.
Wiki ya tatu ndipo uso ukatulia.
Mama yako akakutazama mlangoni,
akasema, "Karibu," kama kwa mgeni,
kisha akalia kwa aibu.

Usiku nakupapasa: vinundu viwili
chini ya ngozi, kama pale ninapounga jani fupi.
Kofia yako ya zamani inakushukia mpaka puani.
Hukuitupa. Ulikaa nayo magotini,
ukaipuliza ndani, ukasikiliza.

Sasa naitilia vitunguu.