Upande wa Pili wa Barabara

Kura nane kwa saba, baada ya miezi kumi na mmoja ya kelele.
Bwana Thibodeaux alilia kwenye maikrofoni: "Huyu ni babu yetu!"
"Na aliowauza," akauliza Odessa, "walikuwa babu za nani?"

Usiku wa manane winchi ikamng'oa jenerali.
Shaba yote ile, kumbe debe tupu:
ndani mna nyigu, na glavu moja ya fundi.

Leo asubuhi Odessa anakwenda kazini.
Nyasi za mahakama, Luiziana, zina umande;
kitako cha jiwe kimebaki na boliti nne.
Miaka arobaini alivuka barabara asipite chini ya farasi yule.

Hayupo.

Miguu, bila kumwuliza,
imevuka.