Umefuga Maji

Siku ya nne Mama Abonyo alichungulia dirishani,
karai la omena kichwani, akauliza:
"Mzee, samaki wako wapi?"
Nikamwambia bado.
"Kwa hiyo umefuga maji?"

Ndiyo. Nimefuga maji.
Lita mia mbili na arobaini, hapa Nyalenda,
mwendo mfupi wa baiskeli kutoka ziwa
ambalo ukilinywa lote hutapata chumvi ya yai moja.
Nami nikanunua chumvi, mfuko mzima,
nikaikoroga kwa mwiko wa harusi ya binti yetu
mpaka kipimo kikasema: hii sasa ni bahari.

Humo ndani mna mawe tu, makavu, meupe kama mifupa,
na kamba mmoja aliyekufa.
Kamba wa baharini, Odindo, si wa kufungia mbuzi.
Nimemweka aoze. Ndiyo kazi yake.
Taa nimeizima, mwani usije ukajikaribisha mapema.
Kichuja-povu nacho kimetulia, sijakichomeka:
huwezi kupangusa meza
na wageni hawajala.
Pampu peke yake inazunguka usiku na mchana,
ikiyapitisha maji kwenye mawe yaleyale, tundu kwa tundu,
ili wadudu nisiowaona
waone pa kukaa.

Wageni hao hawapigi hodi.
Nawajua kwa rangi, matone machache kwenye kichupa:
Jumanne kijani, kijani cha sukuma wiki;
Ijumaa kijani kilekile, nikavunjika moyo kidogo;
wiki ya tatu kijani kikafifia, zambarau ikaja,
sumu imezaa sumu.
Dorsila akasema, "Inaharibika."
Nikasema, "Inaiva."

Miaka ishirini na tisa nilikuwa Dunga, kwenye mitambo ya maji.
Zamu za usiku nilisinzia nikisikia mchanga ukilichuja ziwa,
na pampu namba tatu, iliyokuwa na kikohozi
nilichokijua kuliko kikohozi cha baba.
Machi wakanipa saa ya ukutani na mkono wa heri.
Tangu hapo usiku wa nyumbani ulikuwa mkubwa mno.
Nilihesabu misumari ya mabati.
Hilo sikumweleza Mama Abonyo.

Usiku wa ishirini na sita stima ikapotea.
Sikuamshwa na kelele; niliamshwa na ukimya.
Nikashuka kitandani bila viatu,
maana wale wasioonekana wanapumua kama sisi:
maji yakisimama wanakufa bila kulalamika,
na kazi ya mwezi inarudi mwanzo.
Betri ya pikipiki ya Odindo, waya mbili,
Dorsila ameshika tochi, haulizi kitu.
Pampu ikakohoa. Ikashika.
Tukakaa pale gizani
kama watu waliokuja kumwona mtoto mchanga.

Leo amonia ni njano safi.
Zambarau imeondoka bila kuaga.
Umebaki wekundu wa mwisho, huo nitaumwaga ndoo kwa ndoo.
Nimechomeka kichuja-povu.
Kufika saa kumi kikombe chake kilikuwa na kidole kimoja cha uchafu,
rangi ya chai ya jana iliyochemshwa tena.
Nikampelekea Mama Abonyo dirishani.
Alinusa, akarudisha kichwa nyuma, nusura karai lianguke.
"Mwezi mzima, na mavuno ndiyo haya?"

Ndiyo haya.
Samaki atakuja, mmoja, mdogo,
nikipata nauli yake kutoka Mombasa.
Hana haraka, wala mimi sina.
Asubuhi Dorsila, akikunja shuka,
aliniambia bila kunigeukia:
"Siku hizi unakoroma."