Kreti la Sita

Hapa Majengo, nyuma ya wauza karanga,
nakodisha vitabu vya katuni: mia mbili kwa saa,
mia tano ukilala nacho,
na kitambulisho chako unaniachia mimi.

Vumbi la Dodoma halichagui jalada,
linamfunika shujaa na kitunguu vilevile.
Kwa hiyo asubuhi nafuta kwanza, ndipo napanga
kwenye makreti matano ya soda, nimeyalaza ubavu.

Mwanzoni nilipanga kwa rangi. Usinicheke.
Nyekundu na nyekundu, buluu na buluu,
mpaka mtoto wa darasa la pili akaokota jalada jekundu
akalala siku tatu taa ikiwaka,
na mama yake akaja, kanga kiunoni,
kunifundisha kazi yangu mbele ya wateja.

Tangu hapo nawasoma wasomaji.

Za kutisha husomwa mgongo ukiwa ukutani.
Za mapenzi huvaa nguo za kuazima:
Chiwanga, fundi pikipiki,
huificha yake ndani ya kitabu cha Fizikia,
na shule aliiacha mwaka ule wa njaa.
Simwambii kwamba grisi ya vidole vyake imebaki
ukurasa uleule kila mara,
msichana anapopunga mkono dirishani mwa treni.

Za mashujaa hurudi zimepungua.
Ukurasa wa kuruka haurudi kamwe.
Uko Chang'ombe, uko Chinangali,
umebandikwa kwa ugali juu ya godoro la mtu.
Nimeacha kudai. Chumba kisicho na dirisha
nacho kina haki yake.

Za upelelezi nazifunga kwa mpira
tangu mtu mmoja (namjua, ana mwandiko wa karani)
alipoandika kwa wino, ukurasa wa kwanza:
"Aliyeua ni mpishi. Usihangaike."
Ajabu, ndiyo inayokodishwa kuliko zote.
Watu wanamtazama mpishi tu,
anavyomenya vitunguu, anavyoonja mchuzi,
anavyowauliza wageni kama wameshiba.

Vichekesho mmoja analipa, watano wanacheka.
Hiyo hasara nimeizoea.

Mwezi wa kumi, jua likikausha mate mdomoni,
akaja Ndahani, kibarua wa zabibu kutoka Hombolo.
Hakuja kukodi. Alikuwa na daftari la shule
limekunjwa kama hati ya shamba.
Amechora mwenyewe, kwa penseli.

Kisanduku: zizi, mtu, ng'ombe saba.
Kisanduku: zizi, mtu, ng'ombe sita.
Kisanduku: wingu, dogo, limepita.
Kisanduku: zizi, mtu,
sikutaka kuhesabu.

Viputo vya maneno alivichora vyote,
vya mtu, hata vya ng'ombe. Maneno hayamo.
"Mbona hawasemi?"
"Hawakuwa wakisema."
Kisha akauliza, kwa adabu, kama mtu anayeuliza choo:
"Hii nayo mama, ni ya aina gani?"

Nikafikiri: si ya mapenzi, ingawa.
Si ya upelelezi, aliyeua tunamjua,
yuko juu pale, hana hata kofia.
Nilipotaka kumjibu nikagundua
mgongo wangu umegusa ukuta.

Nikaenda kwa muuza soda, nikaomba kreti jingine.

Wiki ya kwanza hakuna aliyeligusa.
Wiki ya pili Sechelela, mwanafunzi wa uuguzi,
akaondoka nalo, akalirudisha bila neno.
Usiku nikafungua. Kiputo cha kwanza, cha yule mtu,
kimeandikwa kwa herufi ndogo:
"Mbukwa."

Baadaye mwingine, penseli nyingine,
mkono mzito wa mtu asiyeandika mara kwa mara,
akamjibia ng'ombe:
"Mbukwa. Umekula?"

Vinajazwa hivyo, kimoja kimoja.
Ndahani hajarudi; zabibu zinapogolewa.
Kiputo cha mwisho, cha mtu na zizi tupu,
kila anayekifikia anakiacha.

Nimefunga penseli kwa uzi pembeni ya kreti.
Naichonga kila Jumatatu.