Betri ya Usiku

Ndahani, fundi wa umeme wa magari pale Kizota,
hajibu swali mpaka amalize kukaza nati.
Nikasimama kwenye kivuli chembamba cha kontena,
upepo wa Agosti ukitusagisha vumbi menoni,
mpaka alipoibuka chini ya boneti na kusema:
"Dokta, usiku wako ulikula akiba ya asubuhi."

Ni kweli.
Mwaka jana, ng'ambo ya Farkwa, kando ya mto Bubu
ambao kiangazi ni mchanga mtupu na nyayo za punda,
friji ya chanjo iliinywa betri pekee ya gari
taratibu, kama mgeni mwenye adabu,
na mimi nimejilaza juu ya turubai, nimeshiba, nimeridhika.
Alfajiri nikazungusha ufunguo.
Tik.
Nikazungusha tena. Tik.
Ndilo jibu lote nililopewa na tani mbili za chuma.

Walikuwa wameshaswaga ng'ombe tangu jogoo wa kwanza,
Mama Mbeleje mbele, na wake thelathini na mmoja.
Mchana nikafungua friji: chupa zina joto la kwapa.
Dozi mia nane za homa ya mapafu
nikazifukia kwa jembe la kuazima.
Hawakunitukana.
Ningepumua kama wangenitukana.
Wakageuza mifugo, kengele zikaenda zikipungua.

"Sasa angalia," akasema Ndahani, akifuta mikono
kwa kitambaa kichafu kuliko mikono.
Betri ya pili akaiketisha nyuma ya kiti cha abiria,
mbali na joto la injini,
ndani ya sanduku la mninga, mabaki ya kitanda cha harusi ya shemejiye,
akaifunga mkanda isije ikaruka makorongoni.
Waya mwekundu, mnene kama kidole,
akaupitisha kwenye tundu la bodi alilolivisha mpira.
"Bati huchubua waya polepole. Siku moja unaota moto, unaamka ni kweli."
Fyuzi huku, fyuzi kule.
Penye ethi akakwangua rangi ya chesisi
hadi chuma kikacheka.

Kisha akanionyesha kidude cha kutosha kiganjani. Rilei.
"Betri mbili bila hii ni ndugu wawili wenye mfuko mmoja.
Mlevi atamfilisi mchumi, asubuhi wote wanaomba nauli.
Injini ikinguruma, hii inawaunganisha, wanakula pamoja.
Ukizima, inawatenga. Kila mtu na usiku wake."
Nikauliza bei.
Akakaza nati.

Leo Jumatano, Bubu ileile, mchanga uleule.
Nimesonga ugali wa uwele, mlenda nimeungia karanga,
taa ndogo inaning'inia kwenye tawi la mgunga
na fisi, mbali, anacheka jambo asilotaka kunieleza.
Nazima injini.

Tik.

Mkono uko kwenye ufunguo kabla sijafikiri,
jasho limeshanitoka mgongoni katika baridi yote hii,
ndipo nakumbuka: ni yenyewe, rilei,
mlango mdogo umefungwa kati ya usiku na asubuhi.
Friji inanong'ona nyuma ya kiti. Nyuzi nne.
Saa nane naamka kuichungulia mita:
betri ya injini, kumi na mbili nukta saba, haijaguswa.
Saa kumi naamka tena, bila sababu.

Kengele zinatangulia mwanga.
Zinakuja zikiongezeka, kisha vumbi, kisha watu.
Nahesabu ng'ombe wa Mama Mbeleje.
Narudia kuhesabu.
Ishirini na wanne.

"Leo zimepoa?" anauliza, kabla ya salamu.
Natoa chupa moja, nampa aishike mwenyewe.
Anaigusisha shavuni, anaiacha hapo kidogo,
ananirudishia.
Halafu anageuka,
anamwita ng'ombe wa kwanza kwa jina lake.