Chuma Hakikuyeyuka

Wanasema kiliyeyuka. Hapana.
Mimi Okumba, mfua majembe wa Kamas,
niliingia pale majivu yalipopoa,
nikapapasa nguzo moja moja.

Lori lililokosa breki mteremkoni Riat
lilivunja nguzo mbili tu. Jengo likasimama.
Nguzo jirani zilijitwika mzigo wa zile mbili
kama wanaume wanaopokezana jeneza.
Watu wa Mamboleo tukashusha pumzi.

Lakini kishindo kilikuwa kimebambua plasta
iliyovishwa chuma kama koti,
na dizeli ikajipenyeza
hadi kwenye ghala la magodoro.

Kwenye kalibu yangu
sisubiri chuma kiwe uji.
Kikishaiva wekundu wa pilipili
hata mwanangu Atoti hukikunja.
Basi mihimili ililegea, ikabonyea katikati,
ikazivuta nguzo kwa ndani,
bolti zikakatika
ta
ta, ta.

Ambani, mlinzi wa jengo la pili, alisikia.
Alidhani ni mvua ya mawe,
akaingiza kiti chake ndani.
Hiyo ndiyo iliyomponya.

Mkaguzi, umeniuliza uandike nini.
Andika: kilichoka kabla ya kuyeyuka.
Lete kalamu. Samahani,
karatasi itashika masizi.